Mpaka wa Muhali

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, imetundikwa na inakwenda vizuri, ingawa sijui mtu aliyestaafu mnataka awahi wapi. Mlinitaka pia niandike machache kuhusu kazi ilivyokuwa, ili vijana mnaoingia sasa katika kazi za wilaya na shehia mpate la kusoma mvua zikiwazuia afisini. Hayo ndiyo haya. Vyeo na mishahara sivitaji. Vyeo vilichelewa kama vya wenzangu wote, na mshahara ulikuwa ukiisha kabla ya mwezi kama wenu. Nitasema ya mwanzo, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyonifundisha, na miaka iliyofuata nilikuwa nayarudia tu kwa nguo nyingine.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya hamsini, kusini ya Pemba, katika mudiria moja nisiyoitaja jina kwa sababu wajukuu wa watu ninaowasema ni majirani zangu. Nyinyi mmezikuta wilaya tu, basi niwaambie. Wilaya ilikuwa na mkuu wake, Mzungu, tukimwona kwa nadra. Chini yake alikuwepo Mudiri, na chini ya Mudiri walikuwepo masheha, kila mmoja na watu wake. Mudiri wetu alitoka Wete, katika ukoo wenye asili ya Oman. Alikuwa amesoma, muungwana wa maneno, na viatu vyake vilikuwa vya kufunga kamba. Kila akitaka kuvuka matope ilibidi tumsubiri avivue, na akishavuka tumsubiri avivae.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Seif, karani mkubwa, mtu mwembamba mwenye kikohozi na ulimi mkavu. Nilifika siku ya kwanza na kalamu mbili mfukoni, kofia mpya, nikitafuta meza yangu. Hakunipa meza. Alinipa baiskeli ya afisi, iliyokuwa na breki upande mmoja, akanambia niende vijijini nikawasalimu watu, kalamu zitaningoja. Nikamuuliza nikawasalimu kuhusu nini. Akanitazama kwa huruma kidogo. Akanambia mtu asiyejua kusalimu bila ya shida hatasikilizwa siku atakayokuja na shida. Basi nilizunguka hadi njia ya Chokocho nikisema sabalkheri mpaka midomo ikakauka, na kila nilipoalikwa kahawa nilikunywa, kwa kuwa hilo nalo alinambia ni kazi ya serikali.

Jambo moja alilonifunza Bwana Seif nimelitumia mpaka wiki ya mwisho. Alisema usimuulize mtu wa Pemba mpaka wa shehia yake uko wapi, utamtia mashakani bure. Muulize, "Mkifiwa, habari mnampelekea nani kwanza?" Atakayekutajia, huyo ndiye sheha wake. Nilijaribu, na kweli. Bibi mmoja alikuwa akikaa katikati ya watu wa sheha mwingine kabisa, lakini msiba wake ungepelekwa ng'ambo ya kilima cha pili, kwa hiyo alikuwa mtu wa ng'ambo ya kilima cha pili. Siku zile sheha alikuwa wa watu, ardhi ilikuja baadaye.

Ilikuja kwa amri. Serikali za mitaa zilikuwa zikipangwa upya, kukawa na mabaraza ya kuamua njia ipi itengenezwe na kisima kipi kichimbwe, na wakubwa wakataka ramani. Kila shehia iwe na mpaka unaoonekana kwa macho. Tukaletewa mnyororo wa kupimia, mambo za mbao, yaani vigingi, na pipa la chokaa ya kupaka mawe. Mnyororo ule ulikuwa mzito na ulishika kutu kwa mvua ya kwanza. Niliubeba mimi.

Sehemu nyingi kazi ilikwenda kwa kelele, kama mnavyotarajia. Watu waligombania miti, mawe, hata kivuli. Lakini kulikuwa na shehia mbili, Kijuu na Zambarauni, na hapo ndipo yalipotokea ninayotaka kuyasema.

Kijuu ni watu wa mlimani, wana mikarafuu. Zambarauni wako ng'ambo, ardhi yao ni ya mchanga na mihogo, mikarafuu yao ya kuhesabu. Kati yao liko bonde la mpunga, bonde la Mtomokoni, refu, lenye mfereji katikati. Wanawake wa pande zote mbili walilima humo. Wanaume wa huku kwetu mnatujua: mlimani tunamfahamu kila mkarafuu na mama yake, lakini bondeni tunapita tu, tena kwa haraka, mpunga ni mambo ya wanawake.

Sheha wa Kijuu alikuwa Sheha Kombo, mnene, mcheshi. Sheha wa Zambarauni alikuwa Sheha Faki, mrefu, mpole hata akitukana hujui. Walisoma chuo kimoja cha Kurani utotoni na waliheshimiana kupita kiasi. Tukawakutanisha barazani kwa Sheha Kombo, kahawa ikamiminwa, Mudiri akauliza bonde la Mtomokoni ni la nani.

Sheha Kombo akasema bila ya shaka ni la mwenzake, Sheha Faki, yeye ana mikarafuu yamtosha. Sheha Faki akasema haiwezekani, bonde ni la Sheha Kombo, wazee walikuwa wakisema hivyo. Sheha Kombo akasema wazee walikosea. Ikawa hivyo asubuhi nzima, kila mmoja analisukumia bonde kwa mwenziwe kama mtu anayemlazimisha mgeni kipande cha mwisho cha samaki. Kila mmoja alimwonea mwenziwe muhali, ile haya ya kumkatalia mtu unayemheshimu. Ukisema "langu" mbele ya mtu aliyekwambia "chukua wewe", umejivua nguo. Bwana Seif alininong'oneza kuwa ameona watu wakigombania mpaka maisha yake yote, kuutupiana hajaona.

Mudiri alichoka. Akasema basi tugawe nusu kwa nusu, mpaka upite kwenye mfereji. Wote wawili wakasema alhamdulillahi, hakuna aliyependelewa. Tukashuka na mambo zetu na mnyororo, Mudiri akavua viatu, tukapima kando ya mfereji, tukaweka mawe na kuyapaka chokaa. Kwenye ramani ulipendeza mno. Mstari wa buluu, pande mbili sawa. Mkuu wa wilaya aliusifu.

Wanawake hawakuulizwa. Mimi mwenyewe mama yangu alilima mpunga na nilikula ubwabwa wake, na haikunipitia akilini.

Nieleze kidogo, maana mchele mnaununua dukani. Bonde la mpunga lina neno moja. Mfereji husafishwa na wote kwa siku moja, ukisafisha nusu yake maji yanarudi. Mbegu za mpunga hutupwa kondeni siku moja bonde zima, ili uive pamoja, kwa kuwa ndege wakikuta konde moja limeiva peke yake hulimaliza lote, lakini wakikuta bonde zima limeiva wanashiba na mwenye konde anabaki na chake. Na ng'ombe hawashushwi kula mabua mpaka konde la mwisho livunwe. Bonde la Mtomokoni neno hilo lilikuwa la mwanamke mmoja, Bi Mize, dada yake Sheha Kombo. Alikuwa mjane, nyumba yake peke yake iko chini ya kilima upande wa Kijuu, karibu na bonde, ili aweze kuwahi dunguni, kwenye kichanja cha kuamia na kufukuza ndege, kabla jua halijatoka. Hakuchaguliwa na mtu. Mamake alikuwa akisema siku ya kila kazi, akafa, basi akawa anasema yeye. Wanawake wa pande zote mbili walimtii na kumsema vibaya, kama inavyokuwa kwa kila mkubwa.

Baada ya mpaka, bonde likawa na wakubwa wawili, na Bi Mize akaambiwa apumzike, mambo ya bonde sasa yako kwa masheha. Masheha wenyewe walioneana muhali. Sheha Kombo hakutaka kutaja siku ya kusafisha mfereji kabla ya mwenziwe, asije akaonekana anaamrisha. Sheha Faki naye alikuwa akingoja kwa adabu. Mfereji haukusafishwa. Mvua za mwanzo zilipoanza kunukia, wanawake wa Kijuu wakachoka kungoja wakatupa mpunga wao. Wa Zambarauni walichelewa sana, wakingoja neno la sheha wao.

Basi mpunga wa Kijuu uliiva mwanzo, ndege wa kusini yote wakakutana hapo. Kilichosalia kikavunwa, na ng'ombe wa Kijuu wakashushwa kwenye mabua, upande wao, kisheria kabisa. Lakini ng'ombe hajasoma ramani. Walivuka mfereji wakaingia kwenye mpunga wa Zambarauni uliokuwa bado kijani, wakala na kukanyaga mpaka walipotosheka.

Siku ya pili tulikwenda na Mudiri. Masheha wawili walikuwa wamesimama kandokando ya mfereji wanaombana radhi. Mmoja anasema kosa ni langu, mwingine anasema wallahi ni langu mimi. Nyuma yao wanawake walikuwa wameshika majembe, na hawakuwa wakiombana radhi. Wanawake waliokuwa wakikopeshana mbegu na kulea watoto kwenye dungu moja walitajiana mama zao. Harusi moja iliyokuwa ikipangwa baina ya vijiji ilivunjika wiki ile. Mwaka ule Zambarauni walikula muhogo mwanzo wa mwaka mpaka mwisho.

Mudiri hakuwa mtu mbaya, aliona. Alitaka kuufuta mpaka wa mfereji akaupeleke kwingine. Lakini wapi? Lazima bonde lote liende kwa mmoja, na hapo tunarudi kule kule. Aliwaita mara mbili, na mara mbili kila mmoja alimpa mwenziwe. Angeweza kuamua kwa amri, lakini yeyote atakayepewa angeonekana kwenda kumwomba Mudiri kwa siri, na hilo lingekuwa baya kuliko ng'ombe. Masika nyengine zilikuwa zinakaribia, na mfereji ulikuwa bado umejaa majani.

Ndipo Bi Mize alipokuja afisini. Alikuja kwa miguu, kajitanda kanga mbili, ukili wake wa mkeka mkononi, akaketi kwenye bao la kukalia la nje akawa anasuka. Mudiri akamkaribisha ndani, akakataa, akasema wamwite kaka yake na Sheha Faki, yeye atangoja. Waliitwa. Alisuka mpaka walipofika, na walipofika hakuacha kusuka.

Akawaambia kwa utaratibu kuwa mpaka uhamie juu ya kilima, pale panapoanzia mikarafuu, na bonde lote liwe la Zambarauni. Mudiri akatazama ramani, akatazama tena, akasema, "Lakini Bi Mize, mpaka ukipita juu, nyumba yako itakuwa Zambarauni."

"Najua ilipo nyumba yangu," akasema.

Hapo ukili wa mkononi ulisimama. Sheha Kombo alinyanyuka. Nataka mfahamu alichokuwa akikitoa yule mama. Kijuu ndiko alikozaliwa. Mumewe amekufa, watoto hakujaaliwa, na tegemeo lake lilikuwa kaka yake. Sheha ndiye aliyekusemea kwa serikali, aliyekutia kwenye mgao wa kila kitu, aliyesimamia msiba wako. Kutoka katika shehia ya kaka yako uzeeni ni kama kuolewa upya bila ya harusi. Sheha Kombo alimwambia kwa sauti ya chini, mbele ya sisi sote, kwamba kama ni hivyo basi aombe bonde lije Kijuu, abaki kwake, hakuna atakayemlaumu.

Bi Mize akamjibu, "Nikiliomba lije kwetu watasema nimemuombea kaka yangu, na wanawake wa ng'ambo hawatonisikiza tena. Kutoa hapana wa kunisema. Mpe, Kombo. Na mie nimo."

Kisha akamgeukia Sheha Faki akamuuliza kama atampokea.

Sheha Faki alikuwa na maneno yake tayari, la, haiwezekani, na kadhalika. Nilimuona anayatafuta. Kulikataa bonde aliweza, alishalikataa mwaka mzima. Lakini aliyesimama mbele yake sasa ni mwanamke anayehamia kwake na nyumba yake, na mgeni wa namna hiyo harudishwi. Alivua kofia, akaivaa, akasema, "Karibu, Bi Mize." Bwana Seif alikohoa akaingia ndani. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na akanigombeza kwa sababu ya baiskeli.

Tukang'oa mawe ya mfereji. Jiwe kubwa tukaliweka juu ya kilima, kwenye njia inayoshuka kwa Bi Mize, nikalipaka chokaa mwenyewe. Alinitazama kutoka uani kwake. Nilipomaliza akanambia nimelipaka vibaya upande wa nyuma, na ilikuwa kweli. Mwaka ule alisema siku, mpunga ukatupwa bonde zima, ng'ombe wakakaa kwenye kamba zao mpaka konde la mwisho, na harusi iliyovunjika ikafungwa. Mudiri alipata barua ya sifa. Ya Bi Mize hakuna aliyeiandika, nami sikuwa na cheo cha kuandika barua.

Sheha Kombo alikuwa na desturi. Kila asubuhi, akitoka msikitini, alishuka kwa dada yake kunywa uji. Mpaka ulipohama tulidhani ataacha, kwa hasira alizokuwa nazo. Hakuacha. Ila sasa alikuwa akifika kwenye jiwe anasimama, mtu mnene yule na fimbo yake, anapiga ukelele, "Hodi Zambarauni!" Na Bi Mize kutoka jikoni anajibu, "Karibu, mgeni." Hapo ndipo anaposhuka. Mwanzo ilikuwa kumtia uchungu, yeye mwenyewe alinambia. Halafu ikawa mzaha wao. Halafu watu wa bondeni wakawa wanaijua asubuhi kwa hodi ile. Nilipita mara nyingi nikaisikia, na sikuwahi kumsikia akiteremka bila ya kuitikiwa.

Bi Mize aliishi hivyo mavuno machache, hakuuona hata mwaka wa mambo makubwa yaliyobadilisha afisi zetu zote. Aliugua homa, hakulala kitandani siku nyingi. Habari ilifika afisini asubuhi. Mudiri alikuwa safarini, Bwana Seif kifua kilimlaza, basi nikapanda baiskeli nikaenda mimi.

Nilipofika kilimani niliwakuta wote wawili kwenye jiwe. Sheha Faki alikuwa amepanda mwenyewe kuleta habari ya msiba Kijuu, kwa sababu aliyekufa alikuwa mtu wake na ndivyo ilivyotakiwa. Alisimama upande wake wa jiwe, hakulivuka. Sheha Kombo alisimama upande wa pili. Vijana wa Kijuu walikuwa nyuma yake na jeneza la msikiti wao. Chini, uani kwa Bi Mize, niliwaona vijana wa Zambarauni na jeneza la kwao.

Sheha Kombo alikuwa akisema, "Nampandisha. Atalala na mamake."

Sheha Faki akasema, "Simtoi, Kombo. Nilimpokea."

Nilingoja. Niliwajua watu hawa, nilijua kinachofuata: mmoja atasema basi mchukue wewe, mwengine atasema la, wewe. Niliwangoja waseme. Hakuna aliyesema. Wazee wawili waliotupiana bonde zima la mpunga walisimama pale wanamgombania mwanamke mmoja maiti, kila mmoja ananitazama mimi, kwa kuwa siku hiyo serikali ilikuwa ni mimi na baiskeli mbovu. Nililia, na sioni haya kuliandika hilo.

Mwisho Sheha Kombo alitazama chini, kwenye nyumba, kwenye dungu, kwenye mpunga uliosimama sawasawa bonde zima. Akauliza kama kuna nafasi nyuma ya jiko la dada yake, karibu na mtomoko. Sheha Faki akasema ipo.

"Basi azikwe kwake," akasema Sheha Kombo.

Akawaashiria vijana wake waweke jeneza chini. Akapiga hatua ya kushuka, akafika kwenye jiwe, na miguu ikasimama yenyewe kwa mazoea. Alifungua kinywa. Ile hodi ilitoka ndogo, wala haikufika hata kwenye mikarafuu, akabaki amesimama na fimbo yake, hawezi kuvuka.

Sheha Faki akarudi nyuma, akampisha njia.

"Karibu, mwenyewe," akasema.

Wakateremka pamoja.